Dizeli Niliyopaka Injini Siku ya Ntheo

Hii aibu nimeificha tangu Aprili, lakini kwa vile Kathiani nzima inaijua, wacha niwaambie mwenyewe kabla hamjaisikia imetiwa chumvi.

Mimi siamini fundi. Musyoka amenitengenezea gari miaka saba hapa Machakos, na kila akifungua boneti nasimama nyuma yake nikihesabu nati. Sasa mwezi wa tatu akaniambia, "Mama Kioko, maunti zako zimelainika, hizi raba zinazobeba injini na kumeza mtikisiko. Wacha kupaka dizeli." Nikacheka kimoyomoyo, huyu anatafuta kuniuzia. (Dizeli napaka kila Jumamosi na sponji, injini inang'aa, mimi ni mtu wa usafi.)

Ikafika siku ya ntheo, ile ya kupeleka mbuzi watatu kwa kina Mwende huko Kathiani ndiyo kijana wangu Kioko ahesabike ako na bibi, nami asubuhi nikapaka dizeli maradufu, kwa sababu wazee wa huko wakiona gari lazima wachungulie boneti. Kupanda vilima, injini inagonga du, du kila nikibadilisha gia, na mimi nawaza tu, Musyoka ametoa maunti zangu nzuri akaniwekea kuukuu, ndiyo maana alikuwa anazitajataja.

Tukaingia bomani, wamama wanaimba, nikaweka rivasi niegeshe vizuri. Injini ikaruka, ikalalia upande, feni ikakata rejeta, maji moto na mvuke kila mahali, wamama wakatawanyika, mbuzi wanalia kwa buti ya gari. Ningenyamaza tu. Badala yake nikampigia Musyoka hapo hapo, nikamwita mwizi mbele ya wakwe (mara nne, Kioko anasema).

Baba Mwende, ambaye ameendesha lori za mawe Lukenya miaka yake yote, akainama, akabonyeza ile raba. Ikabaki kwa kidole kama ugali mbichi. Akanusa.

"Hii hakuna mtu amebadilisha. Imeliwa na dizeli. Nani huosha hii injini?"

Nikasema ni mimi. Nilitamani ardhi ipasuke.

Kisha shangazi ya Mwende, mama mpole kabisa, akasema, "Fundi wa miaka saba ameitwa mwizi bila hata kuulizwa. Siku sukari itapungua kwako, mtoto wetu ataitwaje?"

Mbuzi hawakushushwa. Wazee walituambia kwa heshima turudi nyumbani, tutaitwa. Tukivutwa na trekta, Kioko akaniambia, "Mama, Mwende anakuogopa."

Musyoka nilimwomba msamaha, akanisamehe, akafunga maunti mpya. Dizeli sipaki tena, na nimeapa mtu simshuku kabla sijamuuliza. Lakini Kathiani hawajapiga simu mpaka leo, na Kioko akitoka kazini hanisalimii, anauliza tu kama wamepiga.