Kaptula ya Sindano

Wifi yangu tulimpachika jina la Sindano wiki ile ile mdogo wangu alipomleta nyumbani. Kwanza kwa udogo wake, maana ukimwona kwa nyuma utadhani ni mwanafunzi amepotea njia. Pili kwa sababu hatulii. Duka la dawa aliliacha, akasema kiti kinamla mgongo. Kazi ya kupiga chapa ofisini aliiacha kabla hata hawajamzoea. Mama alisema huyu mtoto ni kama aliyekanyaga siafu, na mama huwa hasemi watu.

Aliyemtuliza ni Fundi Meno. Huyo bwana ana karakana ya meno bandia nyuma ya soko. Daktari humng'atisha mgonjwa kitu laini kama uji mzito, na kile kipimo cha kinywa hufungwa kwenye kitambaa kibichi na kupelekwa kwa Fundi upesi. Kikikauka njiani kinajikunja, na meno yakitengenezwa hapo hayamkai mtu. Sindano ndiye aliyekuwa akivileta, kwa baiskeli ya Fundi, kasanduku kamefungwa nyuma. Alikuwa akirudi jioni amejaa vumbi hadi kwenye kope, anacheka peke yake, anatuambia leo amebeba midomo ya watu wazima na hakuna hata mmoja aliyemsengenya.

Basi Fundi akapata kliniki mpya ng'ambo ya mji, kwenye barabara ya kokoto. Hapo ndipo mambo yalipoharibika.

Sindano akaacha kukaa kabisa. Chakula alikula ameegemea mlango, sahani mkononi. Taarifa ya habari aliitazama amesimama nyuma ya kochi, akihamisha uzito mguu huu, mguu ule, mpaka mama akaniuliza kwa jicho kuna nini. Ukimkaribisha kiti anasema nimekaa kutwa. Mdogo wangu akawa anamtazama mkewe, kisha anatazama sanduku lake la nguo lililo juu ya kabati. Siku moja akanifuata sokoni, akanong'ona kwamba anahisi huyu mtu yuko mbioni kuondoka. Na mimi na mdomo wangu huu nikamjibu kuwa mke asiyekaa ana safari. Loo, mtu anaweza kuwa mjinga na bado akafungua biashara asubuhi.

Jumatatu moja Sindano alirudi amenuna. Mzee mmoja alipelekewa meno yake, yakawa yanagonga kinywani kama vikombe kwenye sinia. Kipimo kilikuwa kimekauka njiani. Fundi alimwambia kikikauka kingine, kazi ataipata kijana mwenye pikipiki. Nilimuuliza kwa nini alichelewa, akasema pancha. Kesho yake akachelewa tena kidogo, na tena akasema pancha. Nikajiambia, hiyo ni baiskeli au chujio?

Nina tabia mbaya ya kuingia chumbani bila kubisha hodi. Nilimkuta amelala kifudifudi, kanga imepandishwa, kitambaa cha maji baridi kimewekwa pale pa kukalia. Nikakiinua. Jamani. Ngozi ilikuwa imechubuka na kutumbuka pande zote mbili. Kumbe hapakuwa na pancha; kiti cha baiskeli kilimchubua kwenye kokoto, na nusu ya ile barabara alikuwa akiitembea kwa miguu huku anakokota baiskeli.

"Mficha uchi hazai, wifi," nilimwambia. Nilikuwa na hasira, nikataka kulia.

"Ningesema nini mezani, mbele ya mama?" alisema, uso bado umo kwenye mto. Kisha akasema jambo lililonikaa. "Nikirudishwa kwenye kiti cha duka, hapo nitatoroka kweli. Sina mahali pengine pa kupumulia."

Basi nikajua kinachoweza kupotea. Mimi nauza nguo za mitumba, na najua zipo kaptula za baiskeli zenye sponji kwenye makalio. Nikaahidi kumpatia, kama aliyezishona mwenyewe.

Ahadi ni deni, nami nilijuta. Ya kwanza ilikuwa ya mwanaume: sponji ndefu, imejaa mbele ambako Sindano hana cha kukinga, na nyuma imeishia kabla ya kufika kwenye mifupa. Ya pili ya mwanamke, lakini mwanamke mwenye mwili wake. Nikampelekea jirani yangu mwenye cherehani, akaipunguza pembeni, na ile sponji ikakunjamana katikati kama taulo bichi. Sindano alipiga nayo hatua chache uani akatembea kama bata. Tulicheka mpaka akashika ukuta, kisha ghafla akaniacha, akaenda kuangalia tairi ambalo halikuwa na shida yoyote.

Nilipekua marobota ya wenzangu soko zima. Walinichoka. Ukitaka kujua kiuno cha suruali sisi hatutumii futi, tunakizungusha shingoni. Kikikutana nyuma ya shingo, ni ya mtu mzima. Kisipokutana, tunatupa kwenye fungu la watoto. Ndivyo nilivyofundishwa na ndivyo ninavyofanya, mkono wenyewe unatupa, mimi napiga soga.

Siku hiyo mama mmoja alikuwa akimtafutia mwanawe kaptula kwenye fungu la watoto. Akainua moja nyeusi, akaitandaza, akaniuliza kwa dharau ni mtoto gani ana nyonga namna hii. Nikaitazama. Kiuno kidogo, nyonga imepanuka, sponji fupi na pana kwa nyuma, imetulia mahali pake. Nilikuwa nimeitupa mwenyewe pale, kwa shingo yangu hii nene. Nilimpokonya mteja nguo mkononi, Mungu anisamehe, na hajarudi tena.

Ilimkaa Sindano kama ngozi. Akaenda kazini anaimba. Akarudi jioni, akala tena amesimama mlangoni, sahani mkononi.

Nilimburuta chumbani. Safari hii kidonda kilikuwa mstari mwembamba, na mstari ule ulifuata mshono wa chupi toka mwanzo hadi mwisho. Kumbe sponji haikuwa na kosa, ila kati yake na mwili kulikuwa na ule mshono unaosaga.

"Ukirudi kazini usivae chupi ndani ya hiyo kaptula," nilimwambia.

Akanitazama kama nimemtukana. "Na mama akijua?"

"Atajulia wapi? Labda umtangazie wewe."

Tulimpumzisha Jumamosi na Jumapili kwa mafuta na kulala kifudifudi. Jumatatu alipeleka baiskeli barabarani, sketi pana juu, kaptula ndani, na siri yetu. Mama alimsindikiza hadi mlangoni akimsifu kwamba siku hizi anavaa kwa heshima. Mimi niliingia jikoni nisije nikaumbuka.

Siku ile sikuuza kitu. Nilikunja nguo, nikazikunjua, nikamrudishia mtu chenji ya mtu mwingine. Niliona pikipiki kila pembe.

Jioni tulikuwa mezani tuliposikia kengele yake. Akaingia na vumbi lake kwenye kope. Mama alimsogezea kiti chenye mto. Sindano akakipita, akavuta kigoda cha mbao, kile kigumu cha kumenyea viazi, akakikalia kwa uzito wake wote.

"Kipimo kimefika kibichi," alisema. "Fundi amekishika, akasema kesho nipitie tena kule. Nipeni chakula."

Mama alipakua. Mdogo wangu alishika kijiko bila kukitumia, anamtazama mkewe anavyokula akiwa amekaa.

Kisha, tonge la tatu halijashuka, Sindano akainuka ghafla akaelekea mlangoni. Nikainua macho. Sanduku bado lilikuwa juu ya kabati.

"Sijafunga baiskeli," alisema akiwa nje.

Mdogo wangu hakugeuza hata shingo. Alivuta sahani ya mkewe karibu na yake, akaifunika inzi wasiiguse, akaendelea kula.