Dirisha Lililotazama Uani

Mafundi wa ghorofa la jirani walipoacha dirisha linalotazama uani kwa Bi Mwanne, pale Kariakoo, wanawake wa nyumba yake wakawa wanapika na kusukana wamejitanda kanga kama wako barabarani. Wapangaji wake walimtaka akagombane na mafundi.

"Waacheni," alisema. "Watakuja wenyewe."

Ukuta ulipokamilika, fundi Pantaleo akapiga hodi. "Shikamoo, mama. Tunaomba kusimamisha mirunda ya kupandia uani kwako, tupige lipu upande huu."

"Marahaba." Bi Mwanne aliendelea kuchambua mchele. "Lipu haipigwi kutokea hewani, nilijua utakuja. Sasa rudi ukazibe lile dirisha, kisha uje upige hodi tena."

Kabla ya magharibi, kanga zilikuwa zimerudi viunoni.