Kumbe Yule wa Kwenye Gemu ni Mama wa Mtu

Kimaren alikuwa anashinda. Nalisema hilo mwanzo kabisa, maana kuna watu hapa Karatu wanaeneza kwamba alikasirika kwa sababu ya kipigo.

Hakupigwa. Alibakiza ngumi moja tu amalize mchezo.

Akaweka pedi ya kuchezea chini. Akavua shuka lake, akabaki na bukta na fulana, akaifunika televisheni yangu kama mtu anavyofunika maiti ya ajali.

Halafu akawaambia wote watoke.

Kijana mmoja alicheka. Akatazamwa. Akaacha.

Mimi shule niliachia darasa la tano. Nimelima vitunguu Mang'ola mpaka mgongo ukagoma, ndipo nikafungua banda la gemu hapa mjini, barabara ya kwenda Endamarariek. Sijui kubembeleza mtu. Nikamuuliza Kimaren kama akili imemruka.

Ila ngoja kwanza niwaeleze gemu lenyewe.

Binti yangu Leonida ni mchoraji. Anafanya kazi na kampuni ya vijana Arusha, wanatengeneza magemu. La kwanza kwao ni la shujaa wa kike wa Ngorongoro anayepambana na majangili. Lilikuwa linatoka Jumamosi, kila mwenye simu alipate, na uzinduzi ungefanyika bandani kwangu. Wakaniletea nakala ya majaribio mapema.

Mji ukahamia kwangu.

Sasa mwone huyo shujaa. Kiuno cha nyigu. Kifua kinamfikia adui kabla ya rungu. Nguo ni kipande cha ngozi ambacho hata kufutia pedi hakitoshi. Akirusha teke, kamera inashuka chini kama imeangusha kitu. Vijana walikuwa wanapiga miluzi. Wengine walipigwa makusudi, ili aanguke chali wamwangalie vizuri.

Mimi niliona wateja. Basi.

Kimaren ni morani wa Endulen, mlinzi kwenye loji moja huko juu, mshikaji wangu wa muda mrefu. Mama yake, Nailantei, anauza shanga sokoni, na ndiye aliyemlea Leonida wakati mke wangu amelazwa. Tumeshibana.

Yeye Kimaren hakuwa na habari na mapaja. Alitaka kushinda tu. Mpaka shujaa alipoinama, na kamera ikamganda kifuani.

"Baba Leonida," aliniambia banda lilipobaki tupu, "umeona kinachoning'inia pale?"

Nikamwambia nimeona viwili, na ndivyo vinavyonilipia umeme.

Hakucheka.

Akanieleza taratibu. Zile shaba mbili zilizosokotwa kama konokono zinaitwa surutia. Msichana havai. Anavaa mwanamke ambaye mtoto wake ameshatahiriwa.

"Yule si msichana. Ni yeyo, ni mama wa mtu mzima kama mimi. Na kwetu mama wa mwenzako wa rika ni mama yako. Tumekaa hapa siku zote hizi tunampigia mama miluzi, yuko uchi."

Nikasema ni katuni. Akasema nimpigie Leonida. Aondoe surutia au amvike nguo.

"Jumamosi likitoka vile, mimi na wewe tusijuane."

Nikampigia binti yangu palepale, nikijua atacheka, tumalize.

Kicheko hakikuja. Akaniuliza kama Kimaren yuko karibu. Nikatoka nje.

Akasema mwanzo alimchora amevaa shuka la lubega mpaka miguuni. Meneja wao akasema hauziki, punguza. Akapunguza. Punguza tena. Bana kiuno, ongeza kifua, lainisha uso. Hayo madini ya kifuani acha, yanang'aa.

"Nilimvua mwenyewe, baba. Kwa mkono wangu."

Akakata.

Nikampigia meneja. Akaniambia kwa upole kwamba hakuna mtu aliyevuliwa nguo, mzee wangu, ni gemu tu, na hicho ndicho wateja wanachotaka. Akaniuliza kama kwangu hakujaa.

Hapo alinikamata pabaya.

Tangu hapo sikutulia. Nilizima mashine, nikawasha, nikazima. Chai ilipoa mbele yangu. Kila shuka jekundu lilipopita mlangoni, nilichungulia kama ni Kimaren.

Jumamosi meneja akafika. Kijana mtanashati, viatu vyeupe vya kuogopa vumbi letu, kompyuta na spika. Leonida nyuma yake, macho yamevimba. Banda likafurika. Kimaren na wenzake wakasimama nje, wamekataa kuingia.

Mara nikaona wanapisha. Nailantei huyo, kifuani surutia zake.

"Yeyo, usiingie," Kimaren akamwambia.

Akaingia. Akavuta benchi mpaka mbele, akaomba aonyeshwe. Shujaa akarusha mateke yake, na miluzi siku hiyo haikusikika.

"Huyu amezaa?" akamuuliza meneja.

Meneja akatabasamu, akasema hajazaa, mama, ni shujaa tu.

"Mbona amevaa kama amezaa?"

Meneja akatazama skrini. Nadhani ndiyo mara ya kwanza aliitazama. Nailantei akanyoosha kidole kwenye maandishi yaliyoelea juu ya kichwa cha shujaa, akauliza ni nini. Akajibiwa ni jina, na mchezaji anaweza kuweka lolote analopenda.

"Mama yako yuko hai?"

"Yupo, mama."

"Anaitwa nani?"

"Angelina."

"Andika Angelina. Kisha arushe teke, na hawa wapige miluzi."

Meneja akaandika A. Kidole kikabaki hewani. Banda zima tulikuwa tunakitazama kile kidole, na jasho lilimtoka kijana wa watu asubuhi na baridi yote ile ya Karatu.

Akaifuta ile A. Akasema uzinduzi umeahirishwa.

Nikashusha pumzi. Nikajua tumemaliza.

Kumbe bado.

Leonida akaivuta kompyuta, akafungua mchoro wa kwanza, ule wa lubega. Akasema anataka watu wamwone shujaa alivyokuwa kabla hajaguswa.

Uso ukatokea kwenye televisheni. Mashavu mapana. Pengo la meno ya chini. Kovu dogo kwenye nyusi ya kushoto.

Watu wakatazama skrini, wakatazama benchi.

Alikuwa Nailantei. Ndiye shujaa aliyemjia binti yangu kichwani alipoambiwa amchore mwanamke jasiri. Asubuhi hiyo Leonida alikuwa amempitia sokoni, akamwambia kila kitu.

Nikageuka. Kimaren alikuwa ameshaingia, yuko nyuma yangu, ameona.

Hakupiga mtu. Nilitamani angepiga. Alimtazama Leonida, aliyekula naye sahani moja utotoni.

"Wewe ndiye uliyemvua yeyo," akasema. "Mvike wewe. Sasa hivi."

Akageuza uso ukutani. Leonida akakaa, akaanza kuchora huku analia, na mama akamwelekeza kwa ukali: shuka lishuke, tumbo lirudishwe, mtu aliyezaa sita hana kiuno hicho.

Gemu lilitoka baadaye hivyohivyo, shujaa na tumbo lake. Kuna wateja walinihama. Waende.

Ila magemu mengine bado ninayo, na wanawake wao waliobanwa viuno. Siku hizi nikiwasha mashine nasita. Wewe unayepiga miluzi, weka kwanza jina la mama yako juu ya kile kichwa. Mkono ukikataa kuandika, basi jibu umelipata, usiniulize mimi.