Treni ya Mabenchi Mutuini

Nilirudi Nairobi na masanduku mawili, koti zito ambalo sijalivaa tena, na diploma ya usimamizi wa usafiri wa mijini. Diploma hiyo niliitafuta mwenyewe. Miaka tisa nilisafisha mabehewa ya treni za mjini katika nchi ambako theluji huanguka mpaka Aprili, kisha jioni nikaingia darasani mikono ikinuka sabuni. Nikafaulu. Nilipofungua ofisi yangu katikati ya jiji, orofa ya tatu, niliitundika ukutani mkabala na mlango ili mgeni aione kabla hajaniona mimi. Sioni aibu kusema hivyo. Wengi walikwenda ng'ambo wakarudi na viatu tu.

Kwa hiyo diwani wetu alipoanza kuzungumzia reli, hakuwa na mtu mwingine wa kumwendea. Reli hiyo ingeanzia mjini, ifuate Ngong Road, ipite Jamhuri na Waithaka, na kuishia kwetu Mutuini. Haikuwa ya treni kubwa ya mizigo, bali ile nyepesi ya abiria, mabehewa mawili matatu, yenye kusimama kila baada ya dakika chache. Uchaguzi ulikuwa unakaribia na macho ya diwani yalikuwa bungeni. Aliketi mbele ya diploma yangu, akaisoma mpaka sahihi ya chini kabisa, akasema, "Injinia, Jumamosi utaelezea wananchi."

Sikuwa injinia. Sikumsahihisha.

Swali la kwanza lilitoka kwa mama, nyumbani, kabla hata ya mkutano. Mimi ni mwanawe wa pili, nikapewa jina la baba yake kama ilivyo desturi kwetu, kwa hiyo hata akinikasirikia huniita baba. Nilimtandazia ramani mezani. Mstari mwekundu ulipita chini kidogo ya lango lake, kati ya nyumba na kijito. Ng'ombe wake hunywa maji kwenye kijito hicho, na majani yake ya nepia yamepandwa ng'ambo.

"Hii reli itakuwa na ua?" akauliza.

"Pande zote mbili, mama. Ni kwa usalama."

"Na ng'ombe atapita wapi?"

"Wataalamu wataliangalia hilo."

"Wewe si mtaalamu?"

"Mimi ni wa usafiri wa watu."

Akaikunja ramani polepole, akanirudishia. "Goti langu haliwezi kuzunguka mpaka Waithaka kila siku, baba. Nikifungiwa kijito, ng'ombe nitamuuza. Na ni maziwa ya mama wa ng'ombe huyo yaliyokulipia nauli ya ndege."

Hilo la nauli ni kweli, ingawa ada ya diploma nilijilipia mwenyewe.

Mkutano ulifanyika katika uwanja wa shule ya msingi, ambao uko hapo hapo chini ya lango letu. Njia ya mama ya kwenda kijitoni huukata katikati. Diwani alikuwa amealika hata watu wa Waithaka, kwa sababu kura za ubunge hazitoki Mutuini peke yake. Baada ya maombi nikapewa kipaza sauti, na nikaeleza vizuri sana. Nilieleza ratiba, tiketi, milango inayojifunga yenyewe. Nilipokwisha, alisimama mpinzani mkuu wa reli, mzee mwenye matatu mbili za kubeba abiria, aliyeanza maisha akiwa makanga wa mlangoni na asiyeficha hilo.

"Hiyo treni ikijaa," akasema, "ni nani anasema imejaa?"

"Hakuna. Mlango unajifunga."

"Na watu wako nje?"

"Watangoja nyingine."

"Hakuna mtu wa kuwaambia walio ndani wasonge?"

"Hakuna."

Mzee akawageukia watu. "Mimi nimefanya hii kazi miaka mingi na sijawahi kufungia mtu nje. Hiyo ni ukatili, injinia."

Alipigiwa makofi kuliko mimi. Nikaona wazi kwamba maneno hayatoshi. Watu hawa walihitaji kuona kitu. Kanisa lililopakana na shule lilikuwa na mabenchi mengi, na mzee wa kanisa akakubali tuyatoe. Nikayapanga mwenyewe kwa vipimo ninavyovijua kwa moyo, kwa kuwa hakuna kiti cha behewa ambacho sijakisugua uchafu kwa mkono wangu: safu mbili, njia katikati, kutoka goli moja mpaka la pili. Mabenchi yalipokwisha tukaendeleza kwa madawati ya darasa la nne. Nikatangaza kwamba hii ndiyo treni, urefu wake halisi.

Watu waliivamia kabla sijamaliza sentensi. Yule mzee wa matatu alikaa mbele kabisa. "Sijakubali," aliniambia. "Lakini ikianguka nataka kuona."

Ndipo mjadala wenyewe ukaanza. Watu wa Mutuini walikuwa karibu na mabenchi, wakakaa wote. Watu wa Waithaka wakabaki wamesimama. Mwanamke mmoja wa Waithaka akauliza, "Samahani, hii ni ya asubuhi ama ya jioni?"

Nikamwambia haijalishi.

"Inajalisha. Kama ni ya asubuhi, imeanzia Mutuini, hao ni haki yao kukaa. Kama ni ya jioni inatoka tao, huko mjini, sisi tumeingia nayo huko kama wao. Sasa mbona tumesimama?"

Hakuna mhadhara niliousikia miaka yote ile uliogusa jambo hilo. Mutuini wakasema ni ya asubuhi, kila mtu alikuwa ametoka kunywa chai. Waithaka wakasema ni saa nane mchana na treni ya saa nane haiwezi kuwa ya asubuhi. Diwani, aliyehitaji kura za pande zote mbili, akafikiri kidogo, kisha akaamua kwamba nusu ya mbele inakwenda mjini na nusu ya nyuma inarudi nyumbani. Mabenchi ya nyuma yakageuzwa. Sasa tulikuwa na treni moja yenye watu waliopeana migongo katikati, na wote waliona hiyo ni haki.

Hakuna aliyetaka kuinuka. Mwenye kiu alitumiwa maji. Mmoja alipigiwa simu kwamba ana wageni nyumbani, akawaambia yuko safarini.

Saa tisa mama alitokea upande wa kijitoni akimwongoza ng'ombe wake. Alifika kwenye mabenchi, njia yake ilipokatika, akasimama. Watu wakamwamkia. Akaitikia. Ng'ombe naye akasimama.

"Shosho, unangoja nini?" kijana mmoja akamuuliza kutoka kwenye kiti chake.

"Nangoja ipite."

Wakacheka. Baada ya dakika kumi alikuwa bado amesimama palepale, na kicheko kilikuwa kimekwisha.

"Mama, pitia kule mwisho," diwani akamwambia.

"Mwisho ni wapi?"

Diwani alinitazama mimi. Mwisho wa mabenchi ulikuwa golini, lakini mama hakuwa akiuliza habari za mabenchi. Alikuwa ameiona ramani.

"Mwisho ni mjini," nikasema.

"Nimeambiwa ni mjini," mama akamwambia diwani. "Na ng'ombe anatakiwa kukamuliwa sasa."

Ilikuwa kweli. Maziwa yalikuwa yameanza kudondoka kwenye nyasi, tone baada ya tone, na kila mtu pale alikuwa mfugaji au mtoto wa mfugaji. Hakuna aliyeweza kutazama jambo hilo akaendelea kukaa vizuri. Nikawaomba walioketi benchi la katikati wainuke.

"Tukiinuka, hawa wa Waithaka watakaa," wakasema.

"Hatutakaa," wakasema wa Waithaka, huku wakisogea.

Nilisimama pale na diploma yangu nisijue la kufanya. Aliyejua ni mzee wa matatu. Aliinuka kutoka kiti cha mbele, kiti ambacho kingeweza kuchukuliwa, akashika ile njia ya katikati akipiga ubao wa mabenchi kwa kiganja. "Songa, dada, songa. Wanne hapo wawe watano. Mzee, beba kofia, usiikalishe. Wewe mrefu, magoti pembeni." Hakuna aliyebishana naye. Katika muda usiozidi dakika mbili watu wa benchi la katikati walikuwa wamebanwa kwenye mengine, hata Waithaka sita walikuwa wamepata kukaa, na benchi likaondolewa. Mama akapita na ng'ombe wake. Alipofika upande wa pili akageuka.

"Basi ni hapa," akasema. "Andikeni."

Katibu akaandika. Kumbukumbu za mkutano ule hazisemi kama wananchi waliikubali reli au waliikataa, kwa sababu hatukufikia hapo. Zinasema jambo moja lililopitishwa bila pingamizi: kivuko cha reli mkabala na lango la mama. Mama akadai nakala, nikampigia fotokopi ofisini kwangu.

Kabla ya uchaguzi diwani alihitaji kuonyesha kitu, na katika mradi wote ule kitu pekee kilichokuwa ndani ya uwezo wake ni kivuko. Akasimamisha nguzo mbili na boriti ya kuinua, rangi nyekundu na nyeupe, na kibao cha kuonya watu kuhusu treni. Reli haikuja. Yeye naye hakwenda bungeni.

Diwani mpya alizitaka zile nguzo kwa lango la soko. Alipotuma mafundi, mama aliwatolea ile fotokopi, akawaambia ramani yenye mstari mwekundu haijafutwa na mtu yeyote, na mpaka ifutwe kwa barua, ng'ombe wake ana mahali pa kupita kwa maandishi. Mafundi wakarudi. Diwani akapanda ngazi mpaka ofisi yangu, akaketi mkabala na diploma.

"Injinia, ongea na mama," akasema. "Wewe umesoma haya mambo. Mwelezee kivuko bila reli hakina kazi."

Nilimwambia kwamba kitaalamu, katika nchi zote nilizofanya kazi, kivuko hujengwa kwanza, hata miaka ishirini mapema, na reli ndiyo hufuata. Kukiondoa ni kuanza mradi upya.

Nchi nilizofanya kazi ni moja, na jambo hilo silijui. Diwani alitoa daftari akaliandika lote, kisha akaniuliza kama hata miaka ishirini na mitano inaruhusiwa. Nikamwambia inaruhusiwa.