Dume la Ukoo wa Tajima

Wiki jana nilimsindikiza jirani yangu Midrand, kwenye duka linalouza mbegu za madume ya ng'ombe. Mbele yetu, kwenye kaunta, walisimama mume na mke, Wakongo wa Kivu, wanaofuga ng'ombe wachache wa nyama wa Kijapani nje ya Johannesburg. Walikuwa wanamtafutia dume ng'ombe wao mmoja.

Mume aligonga kwa kidole picha moja kati ya picha za madume zilizopangwa kaunta. "Huyu, wa ukoo wa Tajima. Nyama ya watoto wake ina mafuta ndani kwa ndani, hoteli zinaigombania."

Mke akaisogeza picha pembeni. "Papa, ng'ombe wetu naye ni Tajima. Ukoo huo nyama unayo, maziwa hauna. Tukiurudia, ndama atanyonya nini?"

"Tutampa chupa, Mama."

"Wa mwaka jana nani alimpa chupa? Alidhoofika hadi akafia mapajani mwangu, huku akininyonya kidole."

Muuzaji aliinamisha macho. Mume alivua kofia, akaishika kifuani kama yuko msibani.

"Eish," alisema taratibu. "Hukuniambia kwamba alikufa hivyo."

"Hukuuliza."

Mume alikaa kimya, kisha akachukua picha ya dume la Shimane, ukoo ambao majike yake yana maziwa, akampa mkewe aitazame. Mke akaitikia kwa kichwa.

Nimewasikia wanaume wengi wakibishana juu ya damu ya ng'ombe, hata damu ya wakwe, kwa sauti ya kushinda. Huyu ndiye wa kwanza niliyemwona akinyamaza, ndipo akachagua.