Siku Kibanda Changu Kilipoichora Korali Migongo

Hata leo naona haya kusema, lakini bora muisikie kwangu kuliko kwa majirani zangu wa mtaa wa Kimanga, maana wao wakiisimulia wanaongeza chumvi, na mambo yenyewe chumvi yanayo ya kutosha.

Nyuma ya nyumba yetu, pembeni ya matuta ya mboga za lengalenga, kuna kibanda cha mbao. Ndani tunaweka majembe, mbegu na, tangu nichaguliwe prezida wa korali ya wamama, ngoma tatu za kanisa. Msimu wa mvua uliopita maji yalipenya kwenye mbao, ngozi ya ngoma moja ikalegea, ikawa inalia kama sufuria. Mwaka huu nikasema hapana. Mume wangu, Baba Riziki, akarefusha mabati ili mvua isipige ukuta, akainua nguzo juu ya mawe ili mchwa wasipate njia, ikabaki kupaka mbao. Verni ya mbao ilikuwa imekwisha dukani, ikabidi tungoje, na mimi kungoja sijui. Nikaenda kwa fundi wa pikipiki nikaomba kidumu cha mafuta ya vidanje, yale meusi yanayomwagwa kutoka kwenye moteri, maana hapa kwetu wengi wanayapaka kwenye mbao na mvua haiingii tena.

Fundi akanionya, "Mama, upake kidogo tu, kisha uachie jua siku tatu ao ine."

Kidogo? Jumamosi mchana niliona mawingu yamekaa juu ya milima, nikapaka mara moja, nikapaka mara ya pili, na kwa kuwa kidumu bado kilikuwa na mafuta (ningeyapeleka wapi?) nikapaka mara ya tatu. Kibanda kikang'aa kama kiatu cha bwana harusi. Baba Riziki akasema tuweke karatasi ya kuonya watu. Nikamjibu, nani atakuja kuegemea kibanda cha majembe?

Kesho yake ilikuwa Jumapili ya wageni: korali ya Makobola ilikuwa inakuja kuimba nasi. Wamama wenzangu wanane wakafika kwangu asubuhi kuchukua ngoma, wote katika blauzi nyeupe, mpya kabisa. Niko ndani ya kibanda nikifungua kamba za ngoma, mvua ikashuka ghafla, nao wakajibana chini ya mabati, migongo ukutani. Mama Sifa, mkubwa wetu kwa umri, akanusa.

"Mama Riziki, hapa kunanuka sawa garaji."

"Ni verni," nikajibu kutoka ndani. "Verni ya Bujumbura."

"Iko mubichi?"

"Hapana mama, imekauka kabisa."

Kwa nini nilidanganya? Kwa sababu mimi ndiye niliyekuwa narudisha watu nyumbani kwa ajili ya kola chafu, sasa ningesemaje kwamba nimewasimamisha kwenye mafuta ya pikipiki? Halafu, kusema kweli, nilitumaini labda yamekauka.

Mvua ikapungua, kila mmoja akajifunika kikwembe mabegani kwa sababu ya manyunyu, tukaenda. Kanisani tulikaa kwenye mabenchi yetu ya mbele, yale ya kando ya ukuta, wakaondoa vikwembe, wakaegemea ukuta. Wageni wa Makobola walikuwa upande wa pili, wamekaa kimya, miguu wameivuta chini ya mabenchi. Nikadhani wanajiona.

Zamu yetu ikafika. Wamama wakasimama, nami nikasimama mbele yao kuongoza, na hapo ndipo nikauona ukuta. Ukuta mweupe wa kanisa ulikuwa na alama nane nyeusi, kila moja na mistari yake, sawasawa na mbao za kibanda changu. Wimbo ulikwisha kuanza, na katika ubeti wa pili wote wanageuka, ndivyo nilivyowafundisha mwenyewe. Nikaanza kuwakataza kwa mikono, msigeuke, msigeuke! Wao wakadhani nataka wageuke kwa nguvu zaidi.

Wakageuka kwa nguvu.

Nikasikia kicheko kimoja, kisha kanisa zima likacheka. Punda milia wanane! Na mimi peke yangu, mwenye kibanda, blauzi yangu safi kama maziwa. Mama Sifa akamtazama mwenzake mgongoni, akajipapasa wa kwake, akanusa vidole, kisha akanitazama. Nikajua nikinyamaza sasa, sitaweza kumwangalia tena.

"Ni miye," nikasema mbele ya wote. "Haikuwa verni. Ni mafuta ya moteri, na nilijua hayajakauka vizuri. Munisamehe."

Halafu kiongozi wa korali ya Makobola, mama mmoja mnene mwenye sauti nzito, akasimama, akavuta kikwembe chake juu kidogo. Matope mpaka magotini!

"Gari yetu ilikwama njiani, tukasukuma," akasema. "Tuliwaona munaingia weupe hivi, tukaogopa hata kusimama. Sasa tuko sawa. Muendelee, wamama, tuimbe wote!"

Wakaja mbele na matope yao, tukaimba pamoja, na sijawahi kusikia korali yetu ikiimba vile. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, kifua kimekuwa chepesi kama mtu aliyetua gunia.

Jumatatu wamama walikuja kwangu, tukafua blauzi zote kwa petroli na sabuni. Sita zilitakata, mbili tulizishonea kitambaa mgongoni, na ukuta wa kanisa niliupaka chokaa mwenyewe. Uprezida waliniachia. Mama Sifa aliniambia tu, huku akisugua, "Weye, siku ingine tukikuuliza, utuambie."

Ndivyo ninavyofanya. Mtu akiniuliza kama kitu kiko tayari, na hakiko, nasema hakiko. Kinywa kinakuwa kizito bado, lakini nasema.