Nimemwita dada wa benki mwongo, akanisikia

Leo nimemsema mtu kwa Kikuyu mbele yake, akanijibu kwa Kikuyu kizuri kuliko changu.

Pesa ya kahawa yetu imelipwa, kwa hivyo mimi na Mama tulikuwa benki, Nyeri mjini, tangu asubuhi. Tangazo linasema ukifungua akaunti ya muda maalum, unapewa bonasi ya elfu tatu.

Tukiwa kwa laini tukingoja zamu nikasoma fomu. Iko kwa Kiingereza, na Mama hasomi Kiingereza. Pesa inafungwa mwaka mzima. Ukiitoa mapema, bonasi inarudi kwao.

Na hiyo pesa ndiyo karo yangu ya Januari.

Nikanyamaza. Masaa mawili! Mnanijua, mbele ya watu sauti hupotea.

Tulipofika kwa dada wa benki na Mama akashika kalamu, ndio nikamnong'oneza kwa Kikuyu: "Usisaini. Huyu anatudanganya." Huyo dada alikuwa amevaa hijabu. Nikadhani Kikuyu hajui.

"Mimi nimezaliwa hapa hapa Nyeri, mtaa wa Majengo, kasichana," akaniambia, kwa Kikuyu. "Sijadanganya mtu. Mama, kwani hii pesa ni ya nini?"

"Ni karo ya huyu."

"Basi weka akaunti ya kawaida. Bonasi haina, lakini Januari utaitoa."

Nikaomba msamaha nikiangalia viatu vyangu.

Nje Mama akauliza, "Kumbe ulijua tangu tukiwa kwa laini?"

"Ee. Niliona aibu."

"Siku ingine, ona aibu mapema, uimalize tukiwa bado kwa laini."

Karo iko. Lakini huu uoga wangu umenichosha, jameni. Kuna mwingine hujua jambo na mdomo unakataa, ama ni mimi tu?